Walionyolewa Msibani kwa Bartholomayo

Deodata alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini wala kwa mganga: aliota akiwa macho. Ungemkuta shambani anapalilia maharage, jembe linapanda na kushuka, halafu jembe linakwama hewani na macho yake yanaondoka. Yanakwenda wapi, hakuna ajuaye. Kuku wanapita katikati ya miguu yake, mbuzi wa jirani wanatafuna majani ya mihogo hatua tatu kutoka alipo, naye kasimama tu anatabasamu, kama mtu anayesikiliza redio ambayo wenzake hawaisikii.

"Deo! Mbuzi!" jirani yake Mashimba alikuwa akipaza sauti kutoka upande wa pili wa uzio wa minyaa. "Nyinyi Wahangaza mtaliwa na mbuzi mkiwa hai!"

"Mbuzi ni wako, mwenyekiti. Waite."

"Nikiwaita hawanisikii. Wanaota pamoja na wewe."

Mashimba alikuwa Msukuma. Alihamia Biharamulo na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, miaka ile watu wa huko walipokuwa wakifuata malisho, akalima, akazeeka, akachaguliwa kuwa mwenyekiti wa kitongoji. Kazi zake kubwa zilikuwa mbili: kusuluhisha kesi za mbuzi, ambazo nyingi zilikuwa za mbuzi wake mwenyewe, na kuandika daftari la wakazi.

Deodata naye hakuwa mzaliwa wa hapo. Alizaliwa Ntobeye, wilaya ya Ngara, kwa Wahangaza, mpakani na Burundi, akaletwa Biharamulo na ndoa. Mume alikwisha kufariki, watoto wake wawili walikuwa shule za bweni, na shamba lilikuwa lake. Lakini macho yake yalipoondoka, mara nyingi yalikwenda Ntobeye. Kutoka uani kwa baba yake, utotoni, aliviona vilima vya Burundi: buluu asubuhi, kijani mchana, na jioni rangi ya zambarau iliyoiva. Siku moja alimuuliza baba yake, Bartholomayo, mpaka hasa uko wapi.

"Katikati ya mto," baba alijibu, akaendelea kuchonga mpini.

Tangu siku hiyo Deodata akawa anakwenda kuteka maji na kuutazama mto mpaka ndoo inamponyoka. Alitaka kuuona mstari. Kwenye ramani ya darasani mstari upo, mweusi, umekatwakatwa. Iweje majini usionekane? Labda ulikuwa chini kabisa, kama kamba iliyozama, na samaki wakipita juu yake tumbo linawawasha kidogo, wanashangaa, wanaendelea na safari.

Nizigiyimana alitoka ng'ambo ya mstari huo. Alifika kwa Deodata msimu mmoja wa maharage, na jembe lisilo na mpini limefungwa ndani ya kanga, kama wafanyavyo vibarua wengi wa Burundi. Mpini, walisema, hupatikana popote penye mti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Wakaanza kulima pamoja, mmoja akianza hadithi kwa Kihangaza, mwingine akiimalizia kwa Kirundi, na hakuna aliyekwama njiani. Deodata alipoota na jembe hewani, Nizigiyimana hakumshtua. Alilima mstari wake, akarudi, akalima na mstari wa Deodata, kisha akamgusa bega.

"Umerudi, dada?"

"Nimerudi."

"Huko kuna mvua?"

"Kidogo."

Msimu ulipoisha alirudi kwao Muyinga na mzigo wa maharage kichwani. Msimu uliofuata akaja tena, na uliofuata, kila mara kwa njia ileile ya mtumbwi na miguu, mpaka Deodata akawa anapanda safu moja ya viazi vitamu visivyo vyake, kwa sababu yeye havipendi, Nizigiyimana ndiye avipendaye.

Kisha mzee Bartholomayo akaugua. Deodata alimleta kwake Biharamulo ili awe karibu na hospitali. Kwa wiki tisa mzee alikuwa hali wala hanywi mpaka Nizigiyimana amshikie kikombe. Alikataa mkono wa binti yake. "Wewe utaota, utanimwagia," alisema, na hata Deodata alicheka. Msimu ukaisha, vibarua wengine wakarudi makwao, Nizigiyimana akabaki na kikombe. Mzee alipofariki wakamrudisha Ntobeye wakamzika, na siku ya kuanua matanga shangazi Kankindi, dada wa marehemu, akakaa kwenye kigoda na wembe mkononi, kuwanyoa wana wa marehemu.

Akamnyoa Deodata. Akawanyoa kaka zake. Halafu akatazama huku na huku.

"Yuko wapi yule aliyeshika kikombe?"

"Mimi ni kibarua, shangazi," Nizigiyimana alisema kutoka mlango wa jikoni.

"Kichwa chako hakijui habari hizo. Njoo ukae."

Akaja, akakaa. Nywele zake zikaanguka juu ya nywele za akina Deodata, zikafagiliwa pamoja. Kwao Deodata, jambo hilo likishafanyika halina mjadala. Aliyenyolewa kwa wembe wa msiba ni mtoto wa marehemu, na kumkana baadaye ni sawa na kumfukua marehemu kaburini. Hakuna aliyewahi kuthubutu, hata kwa hasira, hata kwa kugombea shamba.

Miaka miwili ikapita. Ndipo ikaja amri kutoka wilayani kwamba kila kitongoji kiandike watu wake wote, raia na wageni, wenye vibali na wasio navyo, maana huku kwetu mpaka uko karibu na watu huingia na kutoka kama maji kwenye ungo. Mashimba akaja na daftari kubwa jipya, akaketi kivulini, akalamba kidole.

"Deodata Bartholomayo. Kuzaliwa, Ntobeye. Wewe nakujua. Na huyu?"

"Nizigiyimana," alisema Nizigiyimana.

"Jina la baba?"

Nizigiyimana alitazama vidole vya miguu yake. Deodata ndiye aliyejibu, na alijibu bila kufikiri, kama mtu anavyotaja siku ya wiki.

"Bartholomayo."

Kalamu ya Mashimba ikasimama. "Bartholomayo yupi? Huyu wako?"

"Kwani kuna mwingine?"

"Haya. Kuzaliwa?"

"Muyinga," alisema Nizigiyimana, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Mashimba akaandika, akitikisa kichwa na kucheka. "Nyinyi watu wa Ngara hamuishiwi ndugu! Kila anayevuka mto na jembe ni mtoto wa baba."

Wakacheka wote watatu. Hakuna aliyedanganya. Kila jibu lilikuwa kweli, ila kweli hizo mbili zilikuwa hazijawahi kuwekwa kwenye mstari mmoja wa daftari.

Mwezi uliofuata maofisa wa Uhamiaji walikuja kijijini kuhakiki, na mashine za kuchukua alama za vidole na picha. Aliyekaa na daftari la Mashimba aliitwa Juvenali, kijana mwenye miwani, aliyemwamkia shikamoo kila mzee hata pale foleni ilipokuwa ndefu. Kidole chake kiliteremka kwenye orodha polepole, kikasimama.

"Mama Deodata, hebu sogea. Majina haya mawili yana baba mmoja."

"Ndiyo, afande."

"Wewe umezaliwa Ntobeye. Mwenzako Muyinga."

"Ndiyo."

"Sasa baba yenu alikuwa mtu wa wapi?"

"Ntobeye."

"Na huyu wa Muyinga?"

"Ni mtoto wake."

Juvenali akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtia Deodata hofu. "Mama, nisikilize vizuri. Ukisema huyu ni mtoto wa baba yako, itabidi nianze kuchunguza baba yako alitoka wapi, na wewe mwenyewe uraia wako utakuwa na swali. Kitambulisho chako nitakishika mpaka swali liishe, na sijui litaisha lini. Ukisema si mtoto wake, basi huyu ni mgeni asiye na kibali, atarudi kwao. Siwezi kuandika yote mawili. Jumatatu njooni ofisini, nyote, mniambie lipi."

Alipoondoka, Mashimba alivua kofia akajipepea. "Mimi niliandika nilichoambiwa!"

"Hakuna aliyekulaumu, mwenyekiti."

"Sema ni kibarua, Deo. Neno moja tu. Ni kibarua, kwisha. Ukifukuzwa nchini, mbuzi wangu watakula mihogo ya nani?"

Deodata alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. "Nikisema hivyo, nimemfukua baba."

Mashimba alikuwa tayari na utani mwingine, lakini alimtazama usoni, akaumeza. Hata Usukumani kuna mambo ambayo mtu hayasemi juu ya wafu.

Siku zile nne kabla ya Jumatatu, jembe la Deodata lilikaa hewani zaidi kuliko ardhini. Aliuona mto, lakini haukuwa mto wa maji. Ulikuwa daftari la Mashimba limefunguka kutoka kilima hiki hadi kile, jeupe, na mistari yake ya buluu ilikuwa mawimbi. Majina yalivuka kwa mitumbwi. Lake lilivuka, likapita vizuri. La Nizigiyimana lilifika katikati likasimama, kama mtu anayetafuta kitu alichokanyaga. Ng'ambo baba yake alikuwa ameketi akichonga mpini, kichwa chake kimenyolewa upara, kana kwamba na yeye alikuwa amefiwa na mtu. Deodata alimwita, "Baba, niseme lipi?" Mzee akapuliza vumbi la mti, akaendelea kuchonga.

Akaguswa bega.

"Umerudi, dada?"

"Nimerudi."

Nizigiyimana hakuuliza habari za mvua.

Usiku wa kuamkia Jumatatu Deodata alishaamua. Angesema ndiyo. Kitambulisho wakichukue. Alikuwa ameishi miaka mingi bila kadi ile ya plastiki na jua lilikuwa linachomoza vilevile. Lakini hakuwahi kuishi siku hata moja bila baba, kwa sababu hata baada ya kufa alikuwa naye.

Asubuhi wakapanda Biharamulo mjini, wakapita chini ya boma la Wajerumani, kuta zake nene nyeupe, Nizigiyimana akiinua shingo kulitazama.

"Wazungu hawa nao walikuwa na kibali?" aliuliza.

"Nyamaza, tutafungwa kabla ya kufika."

Ofisini Juvenali aliwapa viti. Akaanza na Deodata. Babu yako nani? Akataja. Kazikwa wapi? Ntobeye, chini kidogo ya nyumba ya baba, penye jiwe jeupe. Baba yake babu? Akataja. Na wa juu yake? Akataja, na wa juu yake tena, na mke wake, na mwaka ambao ng'ombe walikufa wote, na ugomvi wa shamba la bondeni, mpaka Juvenali akainua mkono.

"Basi mama, basi. Mimi mwenyewe wa kwangu nawajua watatu tu." Akageuza karatasi. "Sasa huyu. Ni mtoto wa Bartholomayo?"

Deodata akafungua mdomo.

"Hapana, afande," alisema Nizigiyimana.

Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko chumba. Kicheko chake hakikutangulia wala kufuata.

"Mimi si mtoto wake. Baba yangu amezikwa Muyinga, nyuma ya kanisa. Nilikuja kulima. Mwandike huyu mama raia, mimi niandike mgeni."

"Nizi!"

"Niandike, afande."

"Anadanganya!" Deodata alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Akaanza kueleza yote, kikombe, wiki tisa, shangazi Kankindi, nywele zilivyofagiliwa pamoja, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe kwamba kila neno lilithibitisha kuwa Nizigiyimana amesema kweli ya karatasi. Juvenali alisikiliza hadi mwisho. Nje mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma, anaita wateja.

"Mama," alisema hatimaye, "fomu hii haina mahali pa kuandika wembe. Pangekuwepo ningeandika."

Akaandika alichoweza. Deodata, raia. Nizigiyimana, mgeni asiye na kibali, arudi ndani ya siku saba kwa kupitia mpakani Kabanga, getini, siyo mtoni. Akitaka kuja tena kulima, aombe kibali huko huko aje na karatasi mkononi. Deodata akaonywa kwa kumpokea mgeni bila taarifa, akatia saini. Mkono wake uliandika jina la baba yake vibaya, ikabidi alirudie.

Kwenye ngazi za nje alimgeukia mwenzake.

"Kwa nini umemkana? Nilikuwa nasema ndiyo. Lilikuwa mdomoni kabisa!"

"Nililiona."

"Umemfukua baba, Nizi!"

"Baba amekwisha kufa, dada. Hakuna wa kumfukuza nchini. Wewe wapo." Nizigiyimana alikuwa amejifunga mikono kifuani. "Na aliyemkana ni mimi. Kama kuna dhambi, iko kichwani kwangu, nitaibeba mpaka Muyinga. Kule wanajua kuzibeba."

Walirudi nyumbani. Siku mbili walilima kila mtu mstari wake. Siku ya tatu Deodata alichimba viazi vitamu ambavyo havijakomaa, akavitia kwenye gunia, akasema, "Nitakusindikiza mpaka getini."

"Ni mbali, dada."

"Mwanamke hasindikizwi mpaka mlangoni tu."

Waliondoka alfajiri. Gari lilipita Nyakahura, likapanda Benaco, na hapo Deodata akaomba kiti cha dirishani. Alikuwa mdogo mwaka ule wa tisini na nne, lakini alikumbuka vilima hivi vilipokuwa vya buluu kwa mahema ya wakimbizi wa Rwanda, moshi wa watu wengi kuliko aliowahi kufikiri duniani wapo. Sasa ilikuwa majani tu, na mikaratusi, na upepo. Watu wale wote, alijiuliza, mtu aliwaandika kwenye daftari gani? Na wale waliofiwa humo, walipomaliza kulia, walinyolewa na nani?

Ngara mjini wakabadilisha gari. Saa tano walikuwa wamebanana kiti cha nyuma, gunia la viazi mapajani, Nizigiyimana akimenya karanga na kumpa Deodata moja moja, kama siku zote alipotaka kumwomba msamaha. Deodata alikula zote. Mahali fulani kati ya kona mbili walianza kucheka, hakuna aliyejua kwa nini. Dereva akawatazama kwenye kioo na yeye akacheka.

Getini Kabanga, Nizigiyimana aliogopa. Mpaka huu aliuvuka mara nyingi kuliko vidole vyake vya mikono na miguu, lakini lango lake hakuwahi kuliona. Malori yalipanga mstari mrefu, wanawake walibeba ndizi, na katikati ya yote hapakuwa na mstari wowote ardhini, Deodata aliangalia vizuri. Palikuwa na kizuizi cha chuma na mtumishi mwenye sare aliyesoma karatasi ya Juvenali mara mbili.

"Anayevuka ni huyu. Na wewe, mama?"

"Mimi namsindikiza."

"Ni nani wako?"

Aliuliza hivi hivi tu, bila kalamu, jicho likiwa kwenye lori lililokuwa linarudi nyuma. Nizigiyimana aligeuka haraka kumzuia. Lakini safari hii Deodata aliwahi.

"Tulinyolewa pamoja."

Mtumishi aliacha kulitazama lori. Alikuwa mtu wa huku, ilionekana, kwa sababu hakuuliza maana yake. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akashusha sauti. "Poleni. Siku nyingi?"

"Miaka miwili."

"Msindikize mpaka pale kwenye chuma, basi. Usipite chuma."

Wakaenda mpaka kwenye chuma. Nizigiyimana aliweka gunia chini, akamkumbatia, mara moja upande huu, mara moja upande ule, akajitwika gunia kichwani. "Nikipata karatasi nitakuja na msimu," alisema. "Nitakuja kwa hapa hapa. Watanigonga muhuri mpaka kwenye jembe."

"Utapita salama?"

"Nitapita." Alikwisha piga hatua tatu, akageuka, kicheko kikiwa mbele ya maneno. "Dada, unajua saa ngapi sasa?"

Deodata akatazama simu yake. "Saa sita kamili."

"Huku kwetu bado saa tano! Saa ya Burundi iko nyuma."

Akaenda. Gunia lilionekana juu ya vichwa, likazama nyuma ya malori, likaonekana tena dogo, na Deodata akasimama na mkono juu ya chuma cha moto, macho yake yakaondoka. Huko ng'ambo ilikuwa saa tano bado. Na saa tano wao wawili walikuwa wameketi kiti cha nyuma, wanakula karanga, hawajafika.